Kotimiri kuchanua mapema

Dada, umeuliza kama kotimiri yako ya kwenye ndoo ina ugonjwa kwa kuwa imechanua ikiwa na urefu wa kiganja tu. Si ugonjwa, ni joto. Ndoo juu ya zege, Dar, mwezi wa kwanza! Isogeze ipate jua la asubuhi tu. Halafu umesema uliiotesha kwenye kopo ukaihamisha. Mzizi wake mkuu haupendi kusumbuliwa, bora usie moja kwa moja kwenye ndoo itakamokulia. Kabla ya kusia, punje zibingirishie chupa taratibu mpaka zipasuke vipande viwili, kila kipande kina mbegu yake, uziloweke usiku kucha. Sia nyingine kila baada ya wiki 3. Hiyo iliyochanua usiing'oe (yangu ya kwanza niliing'oa kwa hasira), iache ikauke, punje zake ndiyo giligilani ya kutia mchuzini.