Maswali ya wasomaji: Kabla ya kompyuta, mwacheni mtoto asimulie

Shikamoo mwalimu. Nafundisha shule ya msingi Ukerewe. Darasa langu lina watoto 90, kompyuta hatuna hata moja. Umesema mara nyingi tufundishe kuandika programu kwa hadithi. Nitaanzia wapi?

Marahaba. Anzia ufukweni, maana dagaa wanaanikwa hatua chache kutoka dirisha la darasa lako.

Somo hili nililifanya na darasa la tano kule Igombe. Niliwaomba wanisimulie siku moja ya mama wa dagaa, tangu mtumbwi unafika alfajiri hadi gunia linashonwa. Mvulana mmoja tukamfanya kompyuta: haruhusiwi kufikiri, anafanya anachoambiwa tu. Majani makavu ya mwembe yakawa dagaa, mkeka ukawa kichanja. Wenzake wakaanza kumwamuru. "Mwaga dagaa." Akamwaga wote mahali pamoja, rundo. Hakuna aliyekuwa amemwambia atandaze. "Tandaza." Akatandaza. "Geuza." Akageuza mara moja, kisha akasimama wima. Darasa zima likapiga kelele, endelea kugeuza! Nikawauliza, hadi lini? Wakanyamaza. Ndipo binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye bibi yake anaanika dagaa, akasema: "Mpaka ukimvunja anakatika kau."

Hapo nikaandika ubaoni RUDIA MPAKA. Mwingine akadakia, na mvua ikija je? Nikaandika KAMA na BASI: kama mvua inakuja, basi anua. Hakuna mtoto aliyeniuliza maana ya maneno hayo, kwa sababu waliyahitaji kabla sijayaandika.

Kwa watoto 90, gawa makundi ya kumi kumi, kila kundi na kompyuta wake. Wiki inayofuata chukua uvuvi wenyewe. Watoto wa Ukerewe wanajua kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti vizuri, mitumbwi inapumzika. Kama ni giza, washa taa; la sivyo, kaa ushone nyavu. Hiyo ni programu kamili, na baba zao wanaifuata kila mwezi.

Ila nakuonya jambo moja. Usiishie kwenye vicheko. Nimekaa nyuma ya madarasa ambapo mwalimu alisimulia vizuri mno, kengele ikalia, watoto wakatoka na hadithi bila programu. Kila hadithi ishuke kwenye karatasi, hatua moja kila mstari. Kisha kundi la pili lizifuate hatua hizo bila kuuliza chochote. Zikikwama, walioandika watafute mstari wenye kosa na kuurekebisha. Wanaoandika programu kwa mshahara hushinda siku nzima kwenye kazi hiyo hiyo.

Na kama una kishikwambi kati ya vile vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, kitoe kabatini. ScratchJr, programu ya watoto wadogo ya kutunga hadithi kwa kupanga vitalu vya amri, ni ya bure, na kishikwambi kimoja kinachopita mkono kwa mkono kinatosha kuonyesha hadithi ya kundi moja kwa siku. Usijione mnyonge. Nimewahi kuingia shule yenye kompyuta 20 zilizofunikwa vitambaa, ufunguo yuko nao mkuu wa shule, na mkuu yuko safarini. Watoto walikuwa darasani wananakili "kompyuta ni kifaa cha kielektroniki kinachopokea na kuchakata data". Walikuwa wanainakili kwa mwaka wa pili.

Mwanangu ana miaka tisa, ninunue laptopu gani ili ajifunze kodingi, yaani kuandika programu? (Mzazi, Nyegezi)

Swali hili nimelijibu zaidi ya mara kumi. Yoyote inayowaka na kukaa na chaji, hata iliyotumika. Mzazi mwenzangu, kabla ya kutoa hela, kaa na mtoto umwombe akusimulie jana yake hatua kwa hatua. Asipoweza, laptopu haitamsaidia.

Mimi ni mkuu wa sekondari, Ilemela. Kwa heshima zote, hadithi ni za chekechea. Vijana wangu wa kidato cha pili wanahitaji Python, lugha ya kuandikia programu, si sungura na fisi. Ushahidi wa haya unayosema uko wapi?

Upo, mheshimiwa, na nitautaja wote pamoja na sehemu isiyonisaidia. Mwaka 2007 Caitlin Kelleher, Randy Pausch na Sara Kiesler wa Marekani walichapisha utafiti uliohusisha wasichana 88. Kundi moja lilijifunza kuandika programu kwa kutumia Alice ya kawaida, chombo cha kufundishia kazi hiyo. Kundi la pili lilipewa Alice iliyoundwa upya kwa ajili ya kusimulia hadithi. Katika kuelewa misingi ya programu, makundi yote mawili yalitoka sawa. Hadithi haikuongeza akili ya mtu. Lakini waliopewa hadithi walitumia muda mwingi zaidi kwa asilimia 42 katika kuandika programu zao, na asilimia 51 kati yao waliiba muda wa ziada waendelee, wakati katika kundi la kawaida walioiba muda walikuwa asilimia 16.

Fikiria maana yake kwa chumba chako cha kompyuta. Katika shule nilizopita, mashine moja huwa na wanafunzi wanne. Mvulana ameshika mausi, wa pili anamwelekeza, na wasichana wawili wamesimama nyuma wanasubiri kipindi kiishe. Hawakosi uwezo. Zoezi la kujumlisha namba 1 hadi 100 halikuwapa sababu ya kugombania kiti. Mwambie binti huyo aandike hadithi yake mwenyewe, ya safari ya pantoni ya Kamanga au ya dada yake anayechuuza sato Mwaloni, uone kama atakubali mtu mwingine ashike mausi.

Kuhusu Python, sina ugomvi nayo. Logo, lugha aliyoianzisha Seymour Papert na wenzake mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, ilikuja kupata kobe anayetembea na kuchora. Mtoto alijiweka ndani ya kobe: ningekuwa mimi, ningegeukia wapi? Kobe huyo yumo ndani ya Python hadi leo, anaitwa turtle, na hahitaji intaneti. Waambie vijana wako wamtume akachore Jiwe la Bismarck la hapa Mwanza na mtumbwi unaolizunguka, na mtumbwi uwe na sababu ya kulizunguka. Sababu hiyo waitunge wao.

Naomba unitumie notsi za kodingi. (Wasomaji wengi mno)

Situmi, na sitatuma. Mtu hajifunzi kuogelea kwa notsi, na ninyi mmekulia kando ya ziwa, mnalijua hilo. Wiki tatu mfululizo nimepokea ombi hili kutoka kwa walimu, na ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Notsi hizo zitaishia ubaoni, ziingie madaftarini, zitoke kwenye mtihani, na mtoto atamaliza shule bila kuandika mstari mmoja unaofanya kazi.

Nafundisha Magu. Wanafunzi wangu wanaogopa kompyuta kwa sababu kila kitu kiko kwa Kiingereza. Nifanyeje?

Si kila kitu. Fungua Scratch, programu ya kujifunzia kodingi kwa kuunganisha vitalu, tafuta lugha kwenye menyu iliyo juu, chagua Kiswahili, na vitalu vya amri vitabadilika mbele ya macho yenu. Ni ya bure tangu ilipotoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007. Ipo pia ya kusakinisha, kwa hiyo mwenye bando aipakue mara moja, aibebe kwenye flashi, aiweke kwenye mashine zote za shule.

Wakifika kwenye lugha za maandishi, watulize. Python ya leo ina maneno 35 tu iliyojitengea, yaani ya amri zake yenyewe. Mwanafunzi wako wa darasa la saba amekariri maneno ya Kiingereza mengi kuliko hayo.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Python haina "rudia mpaka". Ina while, ambayo ni "rudia maadamu". Geuza mpaka dagaa wakauke. Geuza maadamu dagaa ni wabichi. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani anaona papo hapo kwamba ni jambo moja lililoangaliwa kutoka pande mbili, wakati somo hilo hilo kwa Kiingereza nimeliona likila vipindi viwili na watu wazima wakatoka wamechanganyikiwa. Fundisha wazo kwa lugha wanayoiota usiku. Jina la Kiingereza libandike baadaye.

Kuna kituo mjini kinaniahidi kwamba mwanangu wa miaka minne atatengeneza programu yake ya simu ndani ya mwezi mmoja. Nimlipie? (Mama, Buswelu)

Usilipe, mama. Hata ScratchJr imetengenezwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, na Scratch yenyewe kwa miaka 8 hadi 16. Programu utakayoonyeshwa mwisho wa mwezi itakuwa ya mwalimu, na mwanao atakuwa amebonyeza kitufe alichoelekezwa. Kama umeshalipa, nenda siku ya maonyesho, umwombe mtoto abadilishe kitu kimoja mbele yako: rangi ya samaki, au paka aende kushoto badala ya kulia.

Kwa umri wake, msimulie hadithi usiku, uishie njiani, umuulize kisha ikawaje. Halafu msimulie tena ukiwa umeruka tukio moja makusudi. Akikukatisha akasema "mama, umesahau, alivuka mto kwanza", amekwisha kugundua kosa la mpangilio.

Wanafunzi wangu wamerekodi hadithi za bibi zao na kuzitia kwenye Scratch. Naomba ushauri, niziweke mtandaoni na picha zao? (Mwalimu, Sengerema)

Hongera sana kwa kazi hiyo, nimefurahi kweli. Hadithi ziweke, baada ya bibi kukubali, maana sauti ni yake. Picha za watoto, majina kamili na jina la shule, hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, hujui nani anatazama.

Kwa nini wahangaike kutunga, wakati akili mnemba inaweza kuandika hadithi na programu yake kwa dakika moja? (Msomaji, Igoma)

Kwa sababu tunamfundisha mtoto, hatuzalishi hadithi. Akishaandika yake ikafanya kazi, aiombe mashine yake, azilinganishe, aseme ya mashine imekosea wapi. Kabla ya hapo, hapana.

Shikamoo mwalimu. Mimi niko darasa la sita, Kisesa. Nimetengeneza hadithi ya Masala Kulangwa kwenye Scratch lakini haiishi. Kila siku anaua panzi tu. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Umechagua hadithi nzuri kuliko zote za Usukumani kwa somo hili. Kwa wasioijua: zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote, amebaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Anamzaa Masala Kulangwa. Kijana akikua anaingia porini, anaua mnyama, anamletea mama: ndiye huyu Shing'weng'we? Mama anasema siye. Kesho anarudi na mwingine mkubwa zaidi. Kila msimulizi ana orodha yake. Wewe umeweka panzi, ndege, swala, kisha zimwi lenyewe. Ni RUDIA MPAKA iliyosimuliwa na mababu zetu.

Nimeiangalia picha uliyoipiga kwa simu ya kaka yako. Kitalu kinachosema mnyama awe panzi umekiweka ndani ya kitanzi, yaani ndani ya RUDIA MPAKA, mstari wa kwanza. Kwa hiyo kila kunapokucha, hata kama jana ulishafika kwa ndege, programu inamrudisha kwenye panzi. Kivute ukiweke juu, nje ya kitanzi, kisomwe mara moja tu hadithi inapoanza. Ndani kibaki kile kinachosogeza orodha kwa mnyama anayefuata, na kiwe baada ya mama kujibu, si kabla, la sivyo panzi hatauawa kabisa.

Tena naona umemalizia pale tumbo linapopasuliwa na watu wanatoka. Yule bibi aliyekatwa sikio na kisu cha Masala wakati tumbo linapasuliwa umemwacha. Mrudishe, maana alikasirika, na hasira yake inahitaji KAMA yake mwenyewe. Ukikwama hapo niandikie tena.