Anakunywa methadoni, kikundi cha maombi kinataka aache

Swali: Mdogo wangu alitumia heroini kwa miaka sita. Sasa ana miezi mitano anakunywa methadoni kila siku kliniki, mwili umerudi na kazini wamempokea tena. Amejiunga na kikundi cha maombi ambacho kwa kweli kimemsaidia sana. Lakini wiki iliyopita kiongozi wao alimwambia kwamba mtu aliyeokoka hawezi kuendelea na dawa ile, kwamba ni unga kwa jina jingine. Wamepanga mfungo wa siku saba ili aachane nayo, na yeye anataka kukubali. Je, imani peke yake inaweza kumtoa mtu kwenye uraibu? Naogopa nikimzuia nitaonekana napingana na Mungu.

Jibu: Dada yangu, asiikatishe dawa kwa ajili ya mfungo huo. Nalitanguliza hilo kwa sababu mfungo umeshapangwa na muda ni mfupi.

Heroini hufanya kazi mwilini kwa saa chache tu, na ikiisha arosto inaingia: jasho, makamasi, tumbo kukatika, viungo kuuma, usingizi kuruka. Methadoni hushika sehemu zilezile za ubongo, ila taratibu, na hudumu kwa siku nzima au zaidi. Anayekunywa kipimo kilichompata sawasawa halewi. Anaamka, anaoga, anakwenda kazini, kama unavyomwona mdogo wako. Akiikatisha ghafla, arosto itamfikia ndani ya siku moja hadi tatu na inaweza kumshika kwa wiki kadhaa. Wengi hurudi kwenye unga katika kipindi hicho, na hapo ndipo penye kifo. Mwili uliokaa bila dawa hupoteza ule uzoefu wake, kwa hiyo kiasi alichokuwa akikitumia zamani bila shida kinaweza sasa kumkata pumzi. Nimehudhuria mazishi ya namna hiyo. Marehemu alikuwa ameacha kabisa, kwa moyo safi, kisha akateleza mara moja tu.

Sasa swali lako lenyewe. Imani ina kazi kubwa katika kupona, na nasema hivyo kama mshauri niliyekaa na waraibu miaka mingi. Dawa inamwondolea mtu arosto. Haimwambii saa kumi na moja jioni aende wapi. Haimpi marafiki wapya badala ya wale wa kijiweni, wala haimwondolei aibu ya kumwibia mama yake.

Kijana mmoja Mwislamu niliyekuwa nikimshauri alikuwa na saa yake mbaya, kati ya alasiri na magharibi, ndiyo saa aliyokuwa akikutana na muuzaji. Akaamua kukaa msikitini muda wote huo. Nilimuuliza kama anahisi utulivu humo ndani. Akanijibu kwamba siku nyingi hahisi kitu chochote, ila viatu viko mlangoni, na mpaka afikirie kwenda kuvivaa, hamu imeshaanza kushuka. Nalithamini sana jibu hilo. Hamu huja kama wimbi, inapanda na mara nyingi inashuka ndani ya nusu saa hivi, na ibada ilimpa mahali pa kukaa mpaka ipite. Siku zake zikapata mpangilio. Wazee wa pale wakamjua kwa jina, na asipoonekana walimpigia simu.

Kuhusu aibu, Alcoholics Anonymous (AA), vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, waliliona mapema. Katika hatua zao 12 zilizochapishwa mwaka 1939, hatua ya tano ni kukiri makosa mbele ya Mungu, mbele ya nafsi yako na mbele ya binadamu mwingine. Ya nane na ya tisa ni kuwaorodhesha uliowakosea na kuwafidia pale ambapo kufanya hivyo hakutawaumiza zaidi. Anayebeba siri huwa na sababu ya kutumia kila akiikumbuka. Akishaitamka kwa mtu asiyemkimbia, siri hupungua nguvu. Uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, uliokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba mipango ya kuwaingiza watu AA iliwasaidia kuacha pombe kabisa kuliko tiba nyingine za ushauri. Hiyo ni pombe, na ni watu wanaokutana kila wiki, si sala ya mtu mmoja chumbani.

Na kiongozi wao angependa kulijua hili: katika AA imani na tiba hazikuwa maadui. Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa AA, alisimulia kwamba Mungu alimgusa Desemba 1934 akiwa kitandani hospitalini New York, chini ya uangalizi wa daktari. Mwenzake, Bob Smith, alikuwa daktari wa upasuaji. Vincent Dole, aliyeanzisha tiba ya methadoni pamoja na Marie Nyswander katika miaka ya 1960, alikuja kuwa mmoja wa wadhamini wa AA.

Kwa hiyo usiende kwa kiongozi kubishana. Nenda na mdogo wako, na kama mhudumu wa kliniki atakubali, nenda naye pia. Mshukuru kiongozi kwanza, kwa kuwa anastahili. Kisha muulize kama angemwambia mwenye kisukari aache insulini siku saba. Kama mdogo wako anataka kufunga, kliniki iseme dawa ataipata saa ngapi. Mwulize pia jambo linalonisumbua kuliko dawa: siku akiteleza, mtampokeaje? Akiambiwa kwamba imani yake ilikuwa ya uongo, safari ijayo ataficha, na anayetumia kwa kujificha hufa peke yake. Kama naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha unga, inapatikana kwenu, iwepo nyumbani, na wewe ujue kuitumia.

Akifika wakati wa kupunguza methadoni, daktari ataipunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi. Usingizi utaruka tena na hofu itarudi usiku. Wiki hizo ndizo za kukiomba kikundi kikeshe naye.