Macho Yabaki Nje Tunapojizoeza Kutua kwa Vyombo

Siku iliyonifunza zaidi kuhusu kukagua anga kwa macho, si mimi niliyekuwa nikirusha ndege. Nilikuwa rubani mwangalizi, yaani anayetazama nje kwa niaba ya anayerusha, na mwenzangu alikuwa amevaa kofia ya mazoezi inayomwachia kuona vyombo vya ndani ya ndege tu, si nje, tukishuka kwa mteremko wa kutua katika hali ya hewa safi kabisa. Kishale cha mteremko, kinachoonyesha kama ndege iko juu au chini ya njia ya kushukia, kilianza kupanda, naye akachelewa kukirekebisha. Mimi, badala ya kutazama nje, nikakikodolea macho kishale kilekile. Nilipoinua kichwa, ndege ndogo ilikuwa imechomoza kushoto nyuma ya nguzo ya fremu ya kioo cha mbele, imetulia mahali pamoja, ikizidi kuwa kubwa.

Kutulia huko ndiko kwa kuogopwa. Ndege itakayokupita salama huonekana ikihama kiooni, ilhali ile mtakayogongana nayo haihami, na jicho, ambalo hunaswa upesi na kitu kinachosogea, huikosa kwa urahisi. Ndege mbili zinazokabiliana, kila moja kwa noti 100 (maili 100 za baharini kwa saa), humaliza maili moja ya baharini kwa sekunde 18. Nilichukua usukani nikageuza kulia. Mwenzangu alipovua kofia, aliniuliza kwa nini nimemharibia mteremko uliokuwa umeanza kukaa sawa.

Tangu hapo tunagawana kazi kwa maneno kabla ya kupaa: anayetazama nje hafundishi wala hafuati vishale. Hukagua anga kwa vipande vya nyuzi 10, akitulia kama sekunde moja katika kila kipande, kwa sababu macho yanayofagia upeo bila kutua popote hayaoni kitu. Tena husogeza kichwa, maana nguzo nyembamba inatosha kuficha ndege nzima. Skrini ya kuonyesha ndege za jirani inasaidia, lakini ndege isiyobeba transponda, kifaa kinachojibu rada kwa redio, huenda isionekane humo.

Redioni, usitaje pekee jina la kituo (sehemu yenye jina kwenye ramani ya kutua kwa vyombo), kwani rubani anayezunguka kiwanja kwa kutumia macho huenda hana ramani hiyo. Mwambie: maili tano kaskazini, futi 1,500, tunashuka. Pale pasipo na mnara wa kuongozea, mwambie pia mtakakoelekea mkighairi kutua, kwa kuwa kupanda moja kwa moja kunaweza kuwaingiza katikati ya mzunguko wake.