Kifua cha baba nacho kina joto

SWALI: Mke wangu atajifungua kwa upasuaji. Huenda nikakabidhiwa mtoto yeye akiwa bado anashonwa. Nimshike vipi, na kwa muda gani?

JIBU: Waulize wauguzi mapema kama wanaruhusu, ukingoja siku yenyewe utakuta mtoto ameshaviringishwa na kulazwa pembeni. Siku hiyo oga, vaa shati la vifungo, na uache manukato na sigara.

Mtoto akishakaushwa na kuvishwa nepi na kofia, keti umeegemea nyuma kidogo, usilale chali. Mweke wima katikati ya kifua kitupu, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeukia upande mmoja, kisha mfunike mgongo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: ama wanamgubika hadi usoni, ama wanamwacha ateleze mpaka kidevu kikagusa kifua chake. Shingo yake bado haina nguvu na njia yake ya hewa ni nyembamba, kwa hiyo kidevu kikishuka, pumzi inabanwa. Pua na mdomo uvione muda wote. Midomo ikibadilika kuwa ya bluu, mwite muuguzi papo hapo.

Mkae hivyo walau saa moja, mama akiwa bado hayuko tayari. Mtoto mchanga hupoa upesi. Joto lake linatakiwa kuwa nyuzi 36.5 hadi 37.5, na kifua chako kinatosha kulilinda. Usingizi ukikunyemelea, mpe mtu mwingine. Kusinzia naye kwenye kochi ni hatari, anaweza kubanwa akakosa hewa. Akianza kutafuta ziwa, mpeleke kwa mama yake (kifua chako kitaujaribu uvumilivu wake bure).

SWALI: Mwanangu ana wiki tatu. Nikimbeba analia, mama yake akimchukua ananyamaza. Hanitaki?

JIBU: Angalia unampokea saa ngapi. Akina baba wengi hupewa mtoto akiwa na njaa au amechoka, halafu wanalaumu mikono yao. Mchukue akishanyonya, mweke begani mpaka acheue, kisha mpakate uso wako ukiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka wake, maana mbali zaidi ya hapo anaona ukungu. Zungumza naye taratibu; sauti yako aliizoea tumboni. Kumwogesha kuwe kazi yako. Akilia hadi ukahisi hasira, mlaze chali kitandani pake, utoke dakika chache. Usimtikise kamwe: ubongo wake unaweza kuvuja damu.