Kwizi Ilifunguka Saa Nane za Usiku

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: kwizi za Moodle, ule mfumo wa kufundishia na kupimia wanafunzi kwa mtandao. Nimechagua tano. Wanaonifahamu wanajua nafundisha chuo cha ualimu hapa Morogoro, na kwamba haya ninayoyaeleza nimeyajua kwa kuyaharibu kwanza.

*Shikamoo Mwalimu. Niliweka kwizi ya Jiografia kwa kidato cha tano, ifunguke saa 2 asubuhi na kufungwa saa 3. Wanafunzi walipoingia maabara ya kompyuta wakakuta imeandikwa imeshafungwa. Mkuu wa shule anadhani sikuiweka kabisa. Nimekosea wapi? – Mwalimu, Singida*

Marahaba. Niambie ukweli, ulipofika kwenye kisanduku cha saa hukuchagua 02? Moodle haina habari kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likishachomoza. Yenyewe inaanzia saa sita usiku. 02:00 yake ni saa nane za usiku, na saa mbili yetu ya asubuhi ni 08:00. Kwizi yako ilifunguka, ikangoja saa nzima watoto wamelala, ikajifunga.

Mkuu wako akiendelea kukutazama kwa jicho la pembeni, msimulie haya. Mwaka wangu wa kwanza na mfumo huu nilifanya hivyohivyo kwa darasa la watu 86. Asubuhi nimefika chuoni na chupa yangu ya chai, nafungua orodha ya matokeo, nakuta jina moja tu. Kijana mmoja alikuwa anajilipia ada kwa kulinda ghala la mahindi usiku. Alikuwa macho, akaiona kwizi imefunguka kwenye simu yake, akaifanya, akapata 17 kwa 20. Nilipotangaza kwamba kwizi itarudiwa alikuja ofisini kulalamika. Alikuwa na haki. Alama zake nilimwachia.

Tangu siku ile kila tangazo langu lina saa zote mbili: "saa 2 asubuhi, yaani 08:00." Na kabla sijaondoka kwenye kompyuta naifungua kwizi kama mwanafunzi, nisome ilichoandika yenyewe kuhusu saa ya kufunguka.

Kama una hakika ulichagua 08, basi tazama wasifu wako ndani ya mfumo, sehemu ya ukanda wa saa. Mifumo mingine imewekwa kwenye seva za nje na ikaachwa na saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Ukiandika 08:00 ya Greenwich, huku inakuwa saa 5 asubuhi. Chagua Dar es Salaam au Nairobi, ni mamoja. Ukisharekebisha, kila mtu ataona saa ya mahali alipo. Mwanafunzi aliyeko Maskati, kama naye wasifu wake uko sawa, ataona 09:00, na mtaingia kwa pamoja.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nasoma kwa masafa, naishi Ifakara. Kwizi ilikuwa ya dakika 40. Nikiwa swali la 14 kati ya 20 mtandao ukakatika, ukarudi muda umeshaisha. Nimepata sifuri. Kwenye somo jingine ilinitokea vilevile lakini nikapewa alama za maswali niliyokwisha kujibu. Je, mhadhiri huyu amenionea? – Msomaji, Ifakara*

Marahaba mwanangu, pole sana. Sidhani kama amekukusudia. Nadhani hakusoma mstari mmoja.

Mwalimu anapotengeneza kwizi, Moodle inamuuliza: muda ukiisha mwanafunzi hajakabidhi, kifanyike nini? Majibu ni matatu. La kwanza, mfumo ukabidhi wenyewe kile kilichokwisha kujibiwa. La pili, mwanafunzi apewe muda wa nyongeza wa kukabidhi tu, bila kubadilisha majibu. La tatu, asiyekabidhi mwenyewe kabla ya muda kuisha kazi yake isihesabiwe. Usipogusa chochote, kwa kawaida unapata lile la kwanza. Mhadhiri wako, au fundi aliyesimika mfumo wenu, ameweka la tatu. Hilo silipendi na sijawahi kulitumia. Labda linafaa kwenye maabara yenye jenereta na waya wa intaneti ukutani. Kwa mtu anayesomea kwenye bando la simu ni kumwadhibu kwa kosa la mnara.

Mwandikie kwa adabu, umtajie siku, saa na namba ya swali ulipokatikiwa. Majibu yako kumi na matatu yale hayajapotea. Moodle hutunza majibu kila unapohamia ukurasa mwingine, na hata usipohama huyahifadhi yenyewe baada ya kama dakika moja. Mhadhiri akifungua kazi yako atayaona pale, yameandikwa hayakukabidhiwa. Katika matoleo ya karibuni anaweza hata kuifungua tena kazi hiyo. Kama toleo lenu ni la zamani, kuna kitu naweza kukiita ruhusa ya mtu mmoja: anakuchagua wewe peke yako na kukupangia siku nyingine ya kufunga, dakika zaidi, au nafasi ya pili, bila kuwagusa wengine. Mimi huitumia kila muhula, kwa wajawazito, kwa waliofiwa, kwa wasioona vizuri wanaohitaji muda zaidi.

Na wewe, siku nyingine mtandao ukikatika usikae ukiutazama ule ukurasa. Saa ya kwizi inaendelea kutembea hata ukiwa nje. Chukua simu ya jirani, ingia kwa jina lako na neno lako la siri, utaendelea pale ulipoishia. Usianze dakika kumi za mwisho pia: kama kwizi ni ya dakika 40 na inafungwa saa 4 kamili, ukiingia saa 4 kasoro dakika 10 unapewa kumi hizohizo.

Walimu mnaosoma barua hii isiyo yenu, gaweni maswali: manne au matano kwa ukurasa. Nimeona kwizi ya maswali 50 kwenye ukurasa mmoja, inavuta kama toroli la mchanga, na mtoto hana pa kubonyeza mpaka mwisho. Na kwa zoezi lisilo na kikomo cha muda, mnaweza kuruhusu lifanywe bila mtandao kwenye programu ya simu ya Moodle. Mwanafunzi analipakua akiwa na mtandao, anafanya shambani kwao, anakabidhi akirudi barabarani.

Aliyeanzisha Moodle, Martin Dougiamas, alikulia kwenye jangwa la Australia, akisoma shule ya msingi kwa redio ya mawimbi mafupi, vitabu vikija kwa ndege. Toleo lake la kwanza kamili alilitoa Agosti 2002. Huwa namkumbuka ninapomwona mwalimu amechagua lile jibu la tatu.

*Mwalimu, habari za kazi. Nafundisha Kiswahili. Niliuliza, "Upande wa pili wa mto huitwaje?" Jibu: ng'ambo. Kati ya wanafunzi 41, saba wameandika ng'ambo na mfumo umewapa kosa. Nimelinganisha herufi kwa herufi, sioni tofauti. Je, kompyuta haijui Kiswahili? – Mwalimu, Tanga*

Njema, mwenzangu. Barua hii imenifurahisha kuliko zote, maana mimi ilinichukua wiki mbili.

Hata Kiingereza haikijui. Swali la jibu fupi linalinganisha alama kwa alama, basi. Nenda ukawaulize hao saba wanatumia simu gani. Nitashangaa ukikuta hawana simu za aina moja, zile zenye tabia ya kupindisha ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng', yenyewe mtu anapoandika. Wewe kwenye kompyuta uliandika ritifaa iliyosimama wima, wao simu imewawekea iliyojikunja kama mkia wa koma. Jicho halioni, mashine inaona alama mbili zisizo na undugu.

Fungua swali, ongeza jibu la pili lenye ritifaa iliyojikunja, nalo lipe asilimia 100. Kisha nenda kwenye matokeo ya kwizi, agiza isahihishwe upya. Saba wako watapanda wenyewe.

Kuna wanaopenda njia ya mkato, wanaandika ng*ambo. Kinyota humaanisha "chochote kinaweza kukaa hapa". Angalia basi, chochote ni pamoja na kutokuwepo kitu, kwa hiyo aliyeandika ngambo naye atapata. Kwa mwalimu wa Jiografia si neno. Kwako wewe, ambaye umetumia kipindi kizima kutofautisha ng na ng', unaharibu kazi yako mwenyewe.

Kinyota kina vituko vyake. Niliwahi kuuliza ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, nikaweka jibu *Tanganyika*, nikifikiri nimewasaidia wanaoanza na neno "Ziwa". Mmoja akaandika "Victoria au Tanganyika". Akapata zote! Siku hizi naweka majibu niliyoyatarajia juu, moja moja, makosa ya tahajia ninayoweza kuyasamehe nayapa asilimia 50, na kama kuna kinyota kinakaa chini kabisa, kwa sababu mfumo unasoma kutoka juu na kusimama kwenye jibu la kwanza linalolingana.

*Mwalimu, wanafunzi wangu wanaangalizia. Niliipa kwizi siku tatu iwe wazi. Siku ya kwanza wastani ulikuwa 9 kwa 20, siku ya tatu 19. Niweke kamera za kuwatazama wakiifanya? – Mhadhiri, Mbeya*

Kabla ya kamera, jiulize wa kwanza alipomaliza aliona nini. Kama mpangilio wako ulimwonyesha majibu sahihi papo hapo, alipiga picha ya skrini, na jioni ile ilikuwa imefika kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Moodle inakuuliza mwanafunzi aone nini katika nyakati nne: akiwa anafanya, dakika mbili za kwanza baada ya kukabidhi, baadaye kwizi ikiwa bado wazi, na baada ya kufungwa. Majibu sahihi yaweke kwenye ule wa nne tu. Kabla ya hapo aone alama zake, inatosha.

Halafu benki ya maswali. Usitunge maswali 20 ukawapa wote. Tunga mengi, yapange kwa mada, uagize mfumo umchotee kila mtu yake kwa bahati nasibu. Lakini fanya hesabu. Ukiwa na maswali 12 na kila mmoja anachotewa 10, wawili wowote watafanana kwa maswali yasiyopungua 8, na umejidanganya. Ukiwa na 40 na kuchota 10, kwa wastani watafanana kwa mawili na nusu. Ndiyo, kutunga maswali 40 mazuri ni kazi. Mimi natunga matano kila baada ya kipindi, kabla sijavua viatu. Miaka inakwenda, sasa nina zaidi ya 600 na sijui kama ningeweza kuyatunga leo.

Ukichanganya mpangilio wa machaguo, ondoa kwanza "Yote hapo juu" na "A na C". Yakishachanganywa, "yote hapo juu" inaweza kujikuta ya kwanza, juu yake hakuna kitu.

Kamera sina la kusema. Wanafunzi wangu wengi hawana chumba cha peke yao, na sitaki kuona ndani ya nyumba ya mtu.

*Shikamoo. Nina maswali 60 ya kuchagua kwenye Word. Fundi wetu alisema niyaandike kwa muundo unaoitwa Aiken niyapandishe kwa mkupuo. Yanakataa yote. Nimeandika swali, chini A, B, C, D, halafu JIBU: B. – Mwalimu wa Baiolojia, Kahama*

Marahaba. Umeandika Kiswahili safi na hilo ndilo tatizo. Muundo huo unataka neno ANSWER, kwa herufi kubwa, nukta pacha, nafasi, kisha herufi ya jibu. Swali lote likae kwenye mstari mmoja hata likiwa refu, usibonyeze kitufe cha kushuka katikati. Machaguo yaanze na herufi kubwa ikifuatiwa na nukta au mabano. Acha mstari mtupu kati ya swali na swali. Mwisho usihifadhi kama faili la Word. Hifadhi kama maandishi matupu, na ukiulizwa aina ya usimbaji chagua UTF-8.

Pandisha matano kwanza. Yakikubali, pandisha hamsini na tano yaliyobaki, na uniandikie.