Shangazi, mume wangu hanigusi tena

"Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi. Giza la pili hili, siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, hajaingia ziwani. Hanigusi, siku ya nne hajaoga, kijiko kikidondoka anawafokea watoto, na saa tisa usiku yuko macho. Simu yake nimeipekua sijaona kitu, najua anafuta. Amebadilika tangu mashine ya boti iibwe. Nimewaita wajomba Jumapili wamkalie kikao. Nifanyeje?" Mama wa Watatu, Kigoma.

Marahaba mwanangu, na pole. Ila barua yako nimeisoma mara mbili, huyo mwanamke wa pembeni simwoni. Mwanaume mwenye nyumba ndogo hunyoa ndevu na kujipulizia manukato. Wako hata kuoga kumemshinda! Ndoa za siku hizi zinashinda kwenye simu ya mwenzio, usoni mwake hakuna anayetazama.

Ingekuwa mbalamwezi ningesema anapumzika kama wenzake. Lakini giza la pili ni mwezi na ushei, na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, huhesabiwa kuanzia wiki mbili: raha ya kila kitu kuisha, usingizi kukatika alfajiri, mwili kuchoka bila kazi, hamu ya tendo kupotea. Wanaume wengi hawalii, wanafoka. Mashine iliyoibwa umeitaja kwa pumzi moja, wakati ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Leo usiku, watoto wakilala, muulize waziwazi: "Baba, umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa kamba na sumu ya panya, mwende hospitali usiku huohuo. Akisema hapana, asubuhi mpeleke Hospitali ya Maweni, mwombe kliniki ya afya ya akili, na uingie naye, maana peke yake atasema anaumwa mgongo. Wapime na damu: upungufu wa damu nao huchosha mtu hivyohivyo.

Akiandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona, kwa kawaida huanza miligramu 20 asubuhi. Hapa ndipo wengi huharibu. Wiki ya kwanza huleta kichefuchefu na wasiwasi, nafuu huanza wiki ya pili hadi ya nne, kwa hiyo mgonjwa huona maudhi kabla ya faida na kuvitupa vidonge. Akizidi kuhangaika siku hizo, mrudishe kliniki. Akipona aendelee angalau miezi sita, na kuacha ni kwa kupunguziwa na daktari. Akipewa amitriptilini, dawa nyingine ya sonona ya kumeza usiku, inasinzisha: ziwani asiingie nayo mpaka daktari aseme. Vidonge uvitunze wewe, kwani vikimezwa vingi kwa mpigo vinaua. Gongo akae nayo mbali.

Nyumbani usimwambie "jikaze". Mpe kazi ndogo yenye saa yake: aoge saa moja, mtembee mpaka mwaloni na kurudi, ashone wavu nusu saa basi. Asingojee hamu ndipo aanze, hamu hufuata kazi. Habari ya kitandani iache kwanza. Hamu huchelewa kurudi, na fluoksetini yenyewe huweza kuichelewesha zaidi; likiendelea, mwambieni daktari.

Kikao cha Jumapili kivunje. Wajomba wakitaka kuja, waje wakae na watoto siku ya kliniki, kisha wajadili mashine nyingine itapatikanaje.