Mnaoanza kazi kwenye kemikali na plastiki, isomeni Sumitomo Chemical kuanzia kwenye moshi

Ukiajiriwa upande wa ununuzi wa malighafi, wiki za kwanza utarundikiwa majedwali ya bei na vyeti vya ubora. Visome, ndiyo kazi uliyoombea. Lakini jioni ukipata nafasi, soma pia historia ya kampuni unayonunua kwake. Humo utaona bidhaa yao ilitokana na nini, na siku mambo yakibana wataanza kuacha kipi. Mfano ninaopenda kuwapa wageni ni Sumitomo Chemical ya Japani, maana tawi moja la historia yake limefika hadi Arusha.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Kampuni za Sumitomo ziko nyingi: ya biashara za jumla, ya nyaya za umeme, ya matairi, ya madini, benki nayo. Zote asili yake ni ukoo mmoja wa wafanyabiashara wa shaba, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wamarekani waliyavunja makundi ya kampuni za koo kama hizo. Kwa hiyo ukikuta hati ya kati ya 1946 na 1952 imeandikwa Nisshin Chemical, usishangae, ni hiyo hiyo. Kwenye barua zako andika jina kamili. Ukiulizia bei ya resini, yaani malighafi ya plastiki, kwa watu wa matairi utasubiri sana.

Sasa tuje kwenye moshi. Mgodi wa shaba wa Besshi, kisiwani Shikoku, ulifunguliwa 1691. Mawe ya shaba ya pale yana salfa nyingi. Ukiyachoma, shaba inabaki tanurini na salfa inaondoka na moshi. Matanuri makubwa yaliposhushwa pwani, mjini Niihama, moshi ule ukaanza kuunguza mazao, na mwaka 1893 wakulima wakaandamana. Iba Teigo, aliyepelekwa kusimamia mgodi mwaka uliofuata, akachukua uamuzi mzito: matanuri yahamishiwe visiwa vya Shisaka, kama kilomita 20 kutoka pwani, na milima iliyobaki vipara ipandwe miti upya. Kazi ikaanza kule 1905. Upepo nao ukafanya yake: moshi ukarudi nchi kavu, tena ukatapakaa eneo kubwa kuliko mwanzo. Mwaka 1910 ikabidi waandikiane mkataba na wakulima wa kulipa fidia na kupunguza mawe yanayochomwa.

Kampuni ya kemikali ilizaliwa katikati ya ugomvi huo, 1913. Wazo lilikuwa kuikamata gesi ya salfa, kuigeuza asidi ya salfuriki, kisha kuichanganya asidi hiyo na mawe ya fosfati ili kupata mbolea ya supafosfati. Mkulima aliyekuwa analia na moshi akauziwa mbolea iliyotokana nao.

Hadithi hiyo ni tamu na husimuliwa kwa kifupi: palikuwa na moshi, kikajengwa kiwanda cha mbolea, mambo yakaisha. Hayakuisha. Kiwanda cha mbolea kilimeza sehemu tu ya gesi, na moshi wa Shisaka ulikuja kukomeshwa 1939, ulipokamilika mtambo wa kuiondolea ukali gesi iliyobaki. Hesabu mwenyewe: ni miaka 26. Basi kwenye kikao, mtu akisema kwa kujiamini kwamba taka zenu mtazigeuza bidhaa, muulize hiyo bidhaa itameza sehemu gani ya taka, na inayobaki itapelekwa wapi, na kwa fedha ya nani. Kijana anayeuliza hivyo huonekana msumbufu mwezi wa kwanza. Baadaye humwita wenyewe.

Miaka iliyofuata naipitisha haraka. Mwaka 1925 kikawa kampuni inayojitegemea, 1934 ikachukua jina la Sumitomo Chemical, 1944 ikaungana na kampuni ya rangi za viwandani. Hapo kwenye rangi weka alama, kwa sababu wakemia wa rangi ndio waliozoea kuunda molekuli ngumu za kikaboni, na kampuni ya mbolea ikapata ujuzi ambao haikuwa nao.

Mwaka 1953 walitoa Pynamin, kiuadudu cha nyumbani chenye alethrini. Hii ni kemikali iliyoundwa kwa kuigiza sumu ya ua la pareto, lile lile linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Aliyetoka familia ya wakulima wa pareto anajua viuadudu vya kutengenezwa viliwafanya nini sokoni. Miaka mitano baadaye, 1958, wakaanza kutengeneza polithini. Dawa na plastiki zikaishi chini ya paa moja kwa miongo mingi, kila moja na wateja wake.

Olyset, chandarua chenye dawa ndani ya uzi wake, ndiyo iliyozikutanisha. Msingi wake ulikuwa nyavu za madirishani za kuzuia wadudu wasiingie viwandani. Pemethrini, dawa ya kuua wadudu, kiasi cha asilimia 2, huchanganywa ndani ya polithini kabla plastiki haijavutwa kuwa uzi, kisha hujisogeza polepole kuja juu. Ukifua chandarua, ya juu inapungua na ya ndani inapanda. Uliyelalia Olyset unakumbuka uzi wake mgumu na matundu mapana yaliyowatia watu wasiwasi. Matundu yale yanaruhusu hewa, na mbu hufa kwa kuugusa uzi. Shirika la Afya Duniani liliikubali 2001, na mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kikaanza kuitengeneza, baada ya Sumitomo kuwapa teknolojia bila malipo.

Hapo vaa miwani ya mnunuzi. Teknolojia ni ya bure, sawa, lakini punje za plastiki zenye dawa unazinunua kwa aliyekupa teknolojia. Sisemi walifanya vibaya. Ajira zilipatikana kwa maelfu na watoto wengi walilala salama. Nasema tu kwamba kwenye mkataba wowote unaoitwa msaada, ruka moja kwa moja hadi ukurasa wa malighafi.

Kisha mbu wakaizoea pemethrini. Utafiti wa Muleba, mkoani Kagera, uliochapishwa 2018, ulilinganisha Olyset ya kawaida na Olyset Plus, iliyoongezwa PBO, kemikali ya kuisaidia dawa, ili kuvunja kinga ya mbu. Ile mpya iliwakinga watoto vizuri zaidi. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba bidhaa ile ile, yenye cheti kile kile, inaweza kupungua nguvu bila kiwanda kukosea chochote.

Jambo jingine: anzeni kusoma ripoti za mwaka kwa miaka ya hasara. Mwaka 2005 Sumitomo Chemical iliingia ubia na Aramco wa Saudi Arabia, Petro Rabigh, kufuata gesi ya bei nafuu. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya yeni bilioni 300, kubwa kuliko zote katika historia yake. Rabigh ilichangia, pamoja na kampuni yao tanzu ya dawa za binadamu, ambayo dawa yake kuu, Latuda, ilipoteza ulinzi wa hataza Marekani. Agosti 2024 wakakubali kuiuzia Aramco asilimia 22.5 ya hisa za Rabigh kwa dola milioni 702. Kampuni ikiwa katika hali hiyo, kila kitengo kinapigiwa hesabu upya, hata kile kinachokuuzia wewe.

A to Z nao hawakubaki na bidhaa moja. Wana chandarua chao wenyewe, MiraNet, cha polithini vilevile, ila dawa yake ni alfa-saipamethrini. Ukipata nafasi ya mafunzo Arusha, omba uonyeshwe mahali dawa inapochanganywa na plastiki, na uulize punje zile zinatoka wapi sasa.